Miaka Mitatu Iliyozidi

Mpendwa mshauri, nakuandikia hapa kazini nikiwa nimeegemea meza ya kupigia pasi, maana nyumbani siwezi kuandika haya bila kuonekana, na naomba unisaidie kwa sababu nimemharibia mwanangu hesabu, na hesabu ndicho kitu anachokipenda kuliko vyote.

Mimi ni dobi, mume wangu ni fundi baiskeli, na tuna binti mmoja tu wa miaka kumi na tatu tunayemwita Profesa, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa akihesabu vifungo vya mashati ya wateja wangu na kuniambia shati gani limepungukiwa, na sasa shuleni wanafundishwa milinganyo, yaani wanaweka herufi mahali pa namba wasiyoijua halafu wanaitafuta, na akirudi ananifundisha na mimi, ananiambia mama, ukitoa upande huu toa na upande ule, usionee mmoja, nami nacheka huku nakunja mashuka.

Basi mwalimu akawaambia kila mmoja atunge mlinganyo kwa umri wa watu wa nyumbani kwake, na siku ya wazazi, mwezi ujao, auonyeshe ubaoni mbele yetu. Profesa akanijia na daftari.

"Mama, una miaka mingapi?"

"Thelathini na minane."

"Na ulinizaa ukiwa na miaka mingapi?"

Nikasema ishirini na miwili, palepale, bila kufikiri, nikaendelea na kola ya shati. Akaandika kwamba x kujumlisha 22 ni sawa na 38, x akiwa ni yeye mwenyewe, na jibu likaja kumi na sita.

Mshauri, alifuta akaandika upya mpaka karatasi ikatoboka. Akaniambia, "Mama, kuna miaka mitatu inazidi, sijui inatoka wapi." Nilidhani ataniuliza kama nina hakika na nilichomwambia, lakini hakunishuku hata kidogo, alijishuku mwenyewe. Na mimi najua inakotoka. Hiyo mitatu ndiyo niliyompita mdogo wangu, na mdogo wangu ndiye aliyemzaa Profesa akiwa na miaka ishirini na miwili, akafariki siku ya nne, na mwanamume aliyempa mimba alishaikana zamani, nami nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja, sijajaliwa mtoto, wala sikujaliwa tena. Kila nilichomsimulia kuhusu kuzaliwa kwake, kwamba alikuja amekunja ngumi, kwamba mama yake alicheka katikati ya uchungu, ni kweli tupu, ila si changu, ndiyo maana hata umri ulinitoka wa mwenzangu. Picha ya marehemu iko sebuleni, na Profesa akiifuta vumbi huiita mama mdogo.

Nilisema akifika miaka mitano nitamwambia, akafika, nikasema saba, tukahama mtaa, majirani wapya hawakujua, ikawa rahisi kunyamaza. Mume wangu anasema, "Mwambie ulichanganya, ni ishirini na mitano, hesabu ikubali, yaishe." Nusu yangu inataka. Lakini Profesa amehamia kiti cha nyuma darasani, anasema hesabu hazimpendi na siku ya wazazi haendi. Naogopa nikimwambia ukweli ataniita mama mkubwa, na mimi jina hilo litaniua. Nifanyeje?

Ni mimi, dobi nisiyeweza kutoa doa langu.

JIBU

Dobi, zima pasi kwanza, ukae.

Pole. Pole ya mdogo wako, ambayo nadhani hukuipata vizuri, kwa sababu ulipakatishwa mtoto kabla hujafuta machozi. Mtoto umemlea, na umemlea akaelewa kwamba upande mmoja usionewe. Hapo sina ugomvi nawe.

Ugomvi wangu ni kwamba umemwona mwanao akitoboa karatasi kwa kosa ambalo si lake, ukanyamaza. Anakuamini wewe kuliko anavyoiamini akili yake mwenyewe, nawe umemwacha ajione mjinga. Hilo limenikasirisha, na nilitaka ulijue.

Mumeo ana nia njema, lakini anataka kuziba pancha na mwiba ungali ndani. Ishirini na mitano itakubali leo. Kesho atauliza jingine. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umeangukia pabaya, maana nyumbani kwako kuna mtu anayejua kupima.

Sasa sikiliza. Jumamosi hii, mumeo akiwepo, fungua daftari kwenye ukurasa ule uliotoboka. Kabla ya neno jingine lolote mwambie hesabu yake ilikuwa sahihi, mbovu ni namba uliyompa. Usianze na machozi. Wala usianze na methali. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, sote tunaijua, lakini ukitanguliza hiyo utakuwa unajitetea. Shusha picha ukutani umpe mkononi, umwambie huyu ndiye aliyecheka. Kisha msimulie ya kwako, ambayo nina hakika hajawahi kuisikia: siku uliyompokea mikononi mwa muuguzi, ulivaa nini, uliogopa nini, nani alikufundisha kumwogesha. Miaka kumi na mitatu umemnyima hadithi hiyo, na ni nzuri.

Hilo jina unaloliogopa ni lako tangu dakika aliyozaliwa, kabla hujaamua lolote. Dada wa mama ni mama. Wazee walioipanga lugha hii hawakukupa cheo hicho kwa huruma. Akikuita mama mkubwa wiki nzima, itika wiki nzima.

Ya ubaoni aamue yeye. Akitaka kutunga mlinganyo wa mbuzi na kuku, atunge, ni siri yake sasa kama ilivyo yako. Wewe nenda shuleni ukamwambie mwalimu kwamba aliyekosea namba ni mzazi, amrudishe mtoto mbele.

Na ukishamaliza kusema, usimuulize kama bado anakupenda. Najua utatamani mno. Pengine ataingia chumbani ajifungie, na hatataka kukuona. Usigonge, usimbembeleze. Yeye ndiye mtoto, mama ni wewe. Vuta kiti ukae hapo mlangoni mpaka afungue.