Mama, Ugonjwa Wako Una Dawa

Mama,

Shikamoo. Kama huko mliko watu huitikia, basi niitikie taratibu, maana moyo wangu siku hizi hautaki kushtuliwa.

Nakuandikia nikiwa kwenye baraza langu la kazi hapa Kisarawe, cherehani nimeifunika. Habari ni moja, nayo ni kubwa: ule ugonjwa wako ninao mimi. Usilie. Una jina, Mama, na una dawa, tena si dawa moja. Na kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeupitia ninayemjua, nimeona nikueleze wewe kabla sijaondoka kesho.

Nilijigundua kwa futi ya kazini. Nilikuwa najishonea kanzu ya Idi. Kiuno kimepungua inchi tatu tangu kanzu ya mwaka uliotangulia, nikasema ni kazi nyingi. Nikapima shingo. Shingo imeongezeka inchi nzima na zaidi. Nikarudia, nikidhani nimeishika futi vibaya. Sijapata kumshonea mteja anayekonda kiuno akanenepa shingo, mtu akikonda hukonda kote. Na kula nilikuwa nakula! Zena, mke wangu, binti wa kijiji cha Mkuza ambaye hukuwahi kumwona, akipika wali naumaliza na bado naulizia ukoko. Jasho linanitoka asubuhi za Juni wakati wenzangu wamejifunika mashuka. Mikono ikaanza kutetemeka hata uzi ukawa hauingii kwenye tundu la sindano, na fundi asiyeweza kutia uzi ni mtu gani?

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Ile kanga uliyojizungushia shingoni hata jua likiwa kali. Macho yaliyokuwa yametoka, tukidhani umetukasirikia. Siku ile jikoni ulinishika mkono ukasema, "Salumu, hebu sikiliza huku," ukaweka kiganja changu kifuani pako, na moyo ulikuwa unakwenda kama mtu anayetwanga peke yake huku anaona mvua inakuja. Tukatazamana. Kisha ukaniambia nikale.

Yaliyofuata sikuyaona, nilikuwa Dar es Salaam najifunza kushona. Nimeyapata kwa watu, kipande hapa kipande pale. Majirani walisema, "Anakula yeye, ananenepa pepo." Mjomba Kibwana, kaka yako, akaamua upungwe pepo, na wewe unajua kwetu mjomba akishaamua, baba mwenyewe hunyamaza. Fundi wa pepo akaja na watu wake. Walikukuta mikono inatetemeka kabla ngoma haijaguswa, wakafurahi sana, wakasema pepo yu karibu, huyu hatatusumbua kumpandisha. Wakapiga. Wakakuuliza, "Nani wewe? Taja jina lako, useme unataka nini." Ukawajibu, "Mimi Mwanaidi. Nataka kukaa."

Wakasema huyu pepo ni mjanja, anajificha nyuma ya jina la mwenye mwili. Wakazidisha ngoma, na moyo wako haukuhimili.

Mama, hilo ndilo lililonikaa kooni miaka yote hii, kuliko uvimbe wenyewe. Ulisema jina lako. Ulisema unachotaka. Kiti kilikuwepo.

Siku ya matanga yako, Kapela, yule mtani wetu Mnyamwezi wa kule relini, alilala kwenye mkeka wa mjomba akakataa kuondoka mpaka apewe kuku. Alipopewa akasimama akasema, "Wazaramo, ninyi watu gani? Mwanamke kawaambia jina lake, kawaambia haja yake, na bado mnamtafuta mtu mwingine! Mngempa kiti, leo tungekula kuku wa harusi." Watu walicheka huku wanalia. Mjomba hakucheka. Mtani ana ruhusa ya kusema, mimi sikuwa nayo. Tangu siku ile nikienda kwetu Mbwawa nilikuwa nakwenda kwa kaburi lako. Mjomba nilimpa shikamoo ya mlangoni, nikaondoka.

Sasa nikwambie ya hospitali.

Dresa wa hapa Kisarawe, mganga msaidizi wa zahanati, alinishika mkono, akatazama saa yake, akauliza kama nimekuja mbio. Nikamwambia nimekaa kwenye benchi lake tangu asubuhi. Akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Huko daktari ni Mzungu, na msaidizi wake ni mtu wetu wa pwani anayefasiri vizuri. Daktari alinieleza kwamba shingoni kila mtu ana tezi, ndogo tu, kazi yake ni kuupa mwili mwendo. Yangu imezidisha kazi. Chakula kinachomwa kabla hakijawa nyama, moyo unakimbizwa, mikono inatetemeka, na macho yanasukumwa nje. Nikaelewa pale pale. Cherehani ikiendeshwa kasi bila kitambaa, inajila yenyewe.

Nikamuuliza, "Na mama yangu?" Nikamweleza kanga, macho, moyo. Msaidizi akafasiri polepole, na daktari akawa anaitikia kwa kichwa kabla mwenzake hajamaliza. Akasema inaelekea ni huo huo, na kwamba katika nyumba nyingine hupita kwa mama na mtoto. Nikauliza kama miaka ile wewe ungepona. Akasema vidonge vilikuwa bado vigeni, lakini kisu, yaani kupasuliwa, kilikuwepo. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua, nimekasirika kiasi kwamba mlinzi aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Daktari akanianzishia vidonge. Kila siku, kwa saa zake, bila kuruka. Akanionya kwamba nikipata homa au koo likiniuma niviache mara moja nikimbilie kwao, maana vidonge hivyo vikimkataa mtu humharibia damu. Kwa hiyo kila mara natolewa damu kidogo wakaitazame. Baada ya wiki kadhaa, Mama, nilitia uzi kwenye sindano mara ya kwanza bila kulamba uzi wala kutukana. Zena alipiga kigelegele kana kwamba nimezaa.

Halafu ikaja masika. Nilikuwa nimekwenda Mbwawa kukusomea hitima, na vidonge vya siku chache mfukoni. Mvua ikafunga kila njia, nikabaki nyumbani kwa mjomba. Siku zikapita, wiki zikapita, vidonge vikaisha, na mimi nikaanza tena: jasho, mbio za moyo, mikono. Kikombe cha chai kilinidondoka mbele ya mjomba. Alinitazama mikono muda mrefu. Nikajua sasa ataniletea wale watu na ngoma zao, na nikaanza kujipangia maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba wake.

Akasema, "Hivyo vidonge vyako hupatikana wapi?"

"Kwa dresa, Kisarawe. Lakini mjomba, mito imejaa."

"Mimi nimekuuliza mito?"

Alikwenda, Mama. Kwa miguu, na umri ule. Alirudi ana tope mpaka kifuani, kopo la vidonge amelifunga kwenye kilemba juu ya kichwa ili mto usilipate. Alikaa akanihesabia kidonge cha kwanza kwa mkono wake, na tangu siku hiyo akawa ndiye anayenikumbusha, kuliko Zena. Kabla masika hayajaisha nilikuwa nashona tena. Siku moja tumekaa nje, akasema bila kunitazama, "Huyu pepo gani anarudi vidonge vikiisha, anaondoka vidonge vikija? Huyu si pepo. Haya ni maradhi." Kisha akasema, "Na dada yangu alitaka kukaa tu."

Sitakudanganya kwamba nimemsamehe yote. Lakini nilimsogezea kibiriti cha sigara yake, na tulikaa pale mpaka jua likatua.

Nilipoweza kurudi Dar es Salaam, mjomba akaja nami. Daktari akasema mwili umetulia, sasa ni wakati wa kuchagua. Ninaweza kuendelea na vidonge kwa muda mrefu, kisha viachwe na tuangalie; huenda ugonjwa usirudi, huenda ukarudi. Au nipasuliwe, sehemu kubwa ya tezi iondolewe, baada ya kunywa matone fulani kwenye maziwa ili damu isinitoke sana. Akasema Ulaya kuna dawa nyingine ya kunywa, inayokwenda yenyewe mpaka ndani ya tezi ikaichoma, lakini huku haijafika, tusiizungumze.

Mimi nikataka hesabu. Katika watu wanaomaliza vidonge, wangapi unawarudia? Akacheka kidogo. Akasema angeweza kunitajia, lakini mimi ni mtu mmoja, na kwa mtu mmoja ama unarudi ama haurudi. Jibu hilo liliniudhi njia nzima, ila kosa lake sijalipata mpaka leo.

Kisu nacho kina lake. Karibu na tezi unapita mshipa wa sauti. Ukiguswa, mtu hubaki na sauti ya kukwaruza, au ya kunong'ona. Hutokea kwa wachache, alisema, lakini hutokea. Na mimi, Mama, ndiye ninayeadhini katika msikiti wa hapa karibu na soko. Ulikuwa ukisema sauti hiyo nimeitoa kwa babu yangu.

Mjomba akapinga. Amekuwa mtu wa vidonge kuliko daktari! "Kidonge kinafanya kazi, kisu cha nini? Shingo huguswa na kisu siku ya kuchinjwa." Kapela alipopata habari alikuja hadi barazani kwangu makusudi. "Mzaramo, nasikia wanakukata koo. Ukipoteza sauti utaadhini kwa mikono?" Nikamwambia nikipoteza sauti atakosa mtu wa kumtukana. Akasema, "Basi usife, nitakosa kazi," akageuza uso akajifanya anatazama vitambaa.

Nilipima upande huu na upande ule kama ninavyopanga kitambaa kabla ya kukikata, maana ukishakata umekata. Upande wa vidonge: havina kidonda, sauti yangu inabaki salama, na mjomba anafurahi. Lakini masika huja kila mwaka, na nikiwa kwetu Mbwawa dawa yangu iko ng'ambo ya mito. Uvimbe nao haujapungua, nikilala chali unanibana pumzi. Na ukirudi baada ya miaka, utanikuta mzee kuliko leo. Upande wa kisu: hofu ni ya siku chache, kisha imekwisha. Kilichobaki kwenye mizani ni sauti.

Nikamwuliza Zena. Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha. "Mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na adhana," akasema. "Ukirudi unanong'ona nitasogea karibu. Usiporudi nisogee wapi?"

Basi nimechagua kisu.

Kesho asubuhi napanda basi kwenda hospitali. Mjomba anakuja kukaa na Zena kule Dar mpaka nitoke. Amebeba mkeka wake, na amenuna, lakini anakuja. Matone nimeshayanywa, mabaya sana, yana ladha ya msumari uliolala majini. Hofu ninayo. Ila nalala vizuri, na nikijishika kifuani moyo unakwenda mwendo wa mtu anayetoka shambani hana haraka. Natamani ungekuwa na kiganja cha kukiweka hapa, nawe ukasikia.

Kwa hiyo buriani, Mama. Nakuahidi mambo mawili. Mtoto yeyote wa ukoo wetu akionekana anakula huku anakonda, hatapigiwa ngoma mimi nikiwa hai. Nitamshika mkono mpaka kwa dresa, na mjomba atatangulia njia. La pili: wateja wangu sikuwaambia chochote. Nimeendelea kupokea vitambaa vyao, na kila mmoja nimempa siku ya kuja kuchukua nguo, zote baada ya kisu, zote kabla ya Idi. Unajua watu wanavyozisema ahadi za mafundi cherehani. Hizi nitazitimiza.

Mwanao,
Salumu