Matundu Manane ya Mursal

Garissa, Juni 1953

Kwa mwanangu Noordin, huko Wajir.

Assalaam aleykum, hooyo, mwanangu. Mimi mama yako ni mzima, ila moyo hautulii. Mkeo Batula akusalimu, leo siku yake ya kumi na tisa tangu ajifungue. Binti yako Nimo akusalimu kwa kilio. Dada yako Naimo akusalimu. Adeer Alio, ami yako, akusalimu, mguu bado wamsumbua na dispensari bado hataki kuisikia. Hata yule ngamia wako mkaidi yu mzima, nani atamuua? Nawe je, maji ya visima vya Wajir yamekukubali? Unakula?

Safari hii sikumwita Ogle mwandishi wa barua. Naandika mwenyewe, kwa hiki Kiswahili nilichofunzwa na mke wa mwalimu. Uuvumilie mwandiko.

Barua yako ilifika. Umesema Batula na mtoto walizimia kwa kosa la fundi Mursal. Ulimwagiza matundu manane ya hewa chini ya mabati ili nyumba iwe baridi, naye akakujengea tanuri. Ukasema umemwandikia Bwana Afya aje kuikagua. Basi amekuja, hooyo. Jumanne, na daftari lake kwapani.

Aliuliza makaa tunawasha wapi. Nikamwambia humo chumbani kwa mzazi, pamoja na uunsi wa kufukiza, kama ilivyo desturi. Akasema makaa ya ndani yakikosa pa kutolea hewa huua watu usingizini. Kisha akawasha kitambaa kwenye ncha ya fimbo, akakiinua kila mahali palipotakiwa kuwa na tundu. Moshi wote ukarudi chini. Akazunguka nje, akaona vishimo vimeishia kwenye udongo mgumu. Akasema fundi hakutoboa ukuta, ameuchokoa tu kudanganya macho.

Mursal akaitwa, majirani wakajaa. Akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba aliyatoboa yote manane kwa mkono wake. Watu wakacheka. Zeinab muuza maziwa akamwambia heri akajenge makaburi, huko hakuna atakayedai hewa. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Bwana Afya akasema atarudi Jumamosi ya wiki ijayo kumaliza ripoti yake, na baada ya hapo Mursal hatapewa tena ukuta wa kujenga hapa mjini, wala ile shule aliyoahidiwa. Tangu siku hiyo Mursal anapita nyuma ya msikiti asionane na watu.

Nami sikai. Nafagia palipokwisha kufagiwa. Chai naipika, nasahau kuinywa.

Hooyo, ni mimi. Batula alipojifungua, upepo wa mto ulikuwa ukiingia humo ndani, na mzazi hapigwi na upepo kabla ya arobaini. Nilipokuzaa wewe, mama yangu alinilaza hivyo hivyo: mikeka imeshushwa, makaa karibu. Lakini nyumba ya mikeka hupumua yenyewe; hii ya mawe sikuijua. Nilipanda juu ya sanduku lako, nikayaziba yote manane kwa matambara na udongo wa mto uliochanganywa na majivu, nikalainisha kwa kiganja mpaka ukuta ukawa mmoja. Batula alinitania, akasema eddo, mama mkwe, umenifanya nyama ya kukaushwa. Nikamwambia anyamaze, atoke jasho. Siku ya saba asubuhi nikawakuta hawaamki. Nilimbeba mtoto, nikamburuta mama yake hadi uani, wakapata pumzi.

Makaa nimeyatoa nje, mlango haufungwi. Mtoto sijamshika tangu siku hiyo. Nawaambia mgongo unauma. Udongo sijaubandua. Nataka niubandue mbele ya Bwana Afya na wale wote waliocheka. Leo baada ya alasiri nakwenda kwa Mursal kumwambia kwa kinywa changu.

Lakini Bwana Afya huamini karatasi ya karani kama wewe kuliko maneno ya mama mzee. Atasema namwonea fundi huruma. Kwa hiyo mwandikie kwamba shtaka lako umeliondoa, na sababu uitaje, usinifiche.

Wote hapa wakusalimu tena, hawajui nilichoandika. Nisalimie wenzako. Tuma neno upesi, mpe dereva wa lori la ngozi, lifike kabla ya Jumamosi hiyo. Hata likiwa la hasira, hooyo, litume.

Ni mimi mama yako,
Sahara