Sala Kabla ya Mkasi

Kimumu, Eldoret
9 Novemba 2025

Mpendwa Mama Mdogo Mildred,

Mwalimu wetu angetaka nianze na buheri wa afya, lakini mimi nauliza tu: goti lako linaendeleaje? Na baridi ya Leeds? Na Gwen, bado anakupikia ule ugali unaokataa kushikana? Sisi tuko salama. Mvua inanyesha kila jioni, shule tumefunga, na mimi bado ni yule yule wa kujificha jikoni wageni wakija.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu ni ya Mama, na meseji zako husomwa na nyumba nzima. Barua ataileta Stephen, mtoto wa Mzee Wamalwa, anayekuja huko kusoma. Hajui iliyo ndani.

Unajua vile Mama hushona. Kabla mkasi uguse kitambaa, lazima aweke mkono juu yake amwombee atakayevaa, kwa jina, na shughuli yenyewe aitaje. Watu hucheka, lakini wanarudi. Huombea kila mtu. Hata jirani yetu Mabonga alipooa mke wa pili na wa kwanza angali mgonjwa wodini, Mama alinuna, akaomba, akakata suti.

Jumatano walikuja wasichana wawili kutoka mtaa wa West Indies hapa mjini, Faith na Jepchirchir, na kitenge cha kijani, wakitaka marinda mawili ya sare kwa sherehe. Mama aliwapenda mara moja. Alimwambia Faith kiuno hicho kinatafuta mtu wa kukipikia. Jepchirchir akajibu kwamba mtu yupo, ni chumvi tu anasahau. Tulicheka wote. Mimi nilikuwa nimepiga magoti napima pindo, pini mdomoni.

Mama akatandaza kitenge mezani, akaweka mkono, akauliza bibi harusi ni yupi kati yao, na bwana anaitwa nani ili amtaje pia.

Wakatazamana. Jepchirchir akasema polepole, "Mama, hakuna bwana. Ni mimi na yeye. Tunakula tu na marafiki kule Timboroa, tuwaambie tumeamua kuishi pamoja."

Mama Mdogo, ule mkono ulibaki pale juu ya kitambaa mpaka nikaogopa. Kisha akaanza kukikunja, taratibu, vile mtu anakunja nguo za marehemu.

"Hii siwezi kuiombea," akasema. "Na nisipoomba, sikati."

Faith alimsihi akate tu bila maombi. Mama akatikisa kichwa. Hakutukana. Nje, Wepukhulu fundi wa viatu akauliza kwa sauti kati yao nani huvaa suruali, na Mama akatoka kumwambia ashone viatu anyamaze. Lakini aliporudi alikiweka kitenge mikononi mwa Faith, na Faith alikuwa analia bila sauti, na mimi hapo chini na pini zangu.

Sijawahi kushtuka hivyo. Sikujua kama Mama anaweza kumrudisha mtu. Jioni nilijikaza nikamuuliza mbona Mabonga alishonewa. Chakula chake kilikuwa kimepoa. Akasema, "Mabonga nilimwombea atubu. Hawa walitaka niwaombee wafurahi. Kavetsa, siwezi kumdanganya Mungu nikiwa na mkasi mkononi."

Kanisani nimefundishwa kama yeye. Lakini uso wa Faith hautoki machoni mwangu.

Sasa nakuambia ambacho sijamwambia mtu. Ukutani juu ya cherehani kuna ile picha yenu, wewe na Gwen kwenye benchi, mkono wake mfukoni mwa koti lako. Imekaa pale miaka. Wale wasichana walipotoka, niliinua kichwa, nikaiona kama ndiyo mara ya kwanza.

Na mnakuja Disemba, wote wawili. Mama amewashonea tayari, kitenge kimoja cha zambarau, marinda mawili, kwa ajili ya picha za familia. Nilikuwepo siku anakata. Aliweka mkono, akafunga macho, akasema, "Bwana, Mildred na rafiki yake wamekaa pamoja mbali na kwao. Wape miaka mingi, na usiwatenganishe." Halafu akakata.

Sikuulizi kitu, na usinijibu kwa simu. Nataka tu mpande ndege mkijua yaliyotokea hapa. Mkiamua kutokuja, nitaelewa. Mkija, zipu nitawafungia mimi.

Maryam wa duka la vitambaa anakusalimu, na Mzee Wamalwa, na Tyson wetu, ambaye anasema namba yake ya viatu imeongezeka tena. Msalimie Gwen, umwambie maji yachemke kwanza ndipo aweke unga.

Mimi sijui kuomba kama Mama, kwa hivyo nawaombea kwa maneno yake mwenyewe: miaka mingi, na msitenganishwe.

Ni mimi nikupendaye kimyakimya,
Kavetsa