Bata wenye macho mekundu

Jumapili jioni

Leo Mama Neema ndiye aliyenipigia kasia mpaka mlango wa mto Ruzizi, maana mumewe, mpiga kasia wangu wa siku zote, hayupo. Bata wazamiaji wameshafika kutoka kaskazini, wote rangi ya kahawia. Akacheka.

"Iko bibi tupu! Mabwana yao iko wapi? Na wao wamekimbia?"

Nikampa darubini. Nikamweleza kwamba madume wanafika kabla ya kuota manyoya yao mapya, kwa hiyo wanafanana na majike. "Tazama jicho. Jekundu ni dume. Jekundu hafifu ni dume aliyezaliwa mwaka huu."

Alitazama muda mrefu, kicheko kikamwisha.

"Kumbe jicho inamusema."

Ndipo akaniambia. Juzi mumewe alikwenda kupita kwenye kizuizi cha askari barabarani akiwa amevaa kitenge cha mkewe na kilemba, kwa sababu pale wanaume wanashushwa garini na hawarudi. Tangu hapo simu yake haipatikani.

"Weye ungemutambua?"

Ningemtambua mara moja. Nikasema askari hawajui kutazama hivyo.  Aligeuza mtumbwi kabla sijamaliza kuhesabu bata.

Nimepiga namba ya mumewe sasa hivi. Bado haipatikani.