Mdalasini wa Anayefika Nyumbani

Mushaki, tarehe 6 Februari 2022

Mama yangu mpendwa,

Jambo Mama. Habari ya Mubi na mvua ya huko? Hapa tuko wazima, ila Koko, mama yako, sukari inamsumbua tena, miguu inamuwaka. Papa Magloire wa lori alitufikishia furushi lako. Nilipolifungua, nyumba nzima ilinukia mdalasini, kama kitenge chako siku ulipoondoka. Koko akapiga kelele: "Funga haraka, harufu itaisha!"

Nilimsomea barua yako, pale unaposema wateja wako wa chai wanadai mdalasini unaponya sukari. Akataka nisome tena. Ndiyo sababu anapenda karatasi kuliko simu. Lakini unamjua: kwake chai ya mdalasini ni ya mtu aliyetoka safari. Sisi wa kila siku tunapewa majani na maziwa tu. Nitambembeleza.

Binti yako,
Astrid

Mubi, tarehe 27 Februari 2022

Astrid mwanangu,

Jambo sana. Unasoma vizuri? Mimi niko muzima, matope tu ndiyo yanatuchosha. Madereva wanaipenda chai yangu. Kila nikiinua mfuniko, ninaona jikoni ya Mama huko Mushaki: moshi, maziwa yanapanda, na mimi mudogo ninamngojea Papa arudi kutoka soko la Sake. Kipande cha mdalasini kilichobaki kwenye sufuria nilipewa mimi, nikakitafuna mpaka kikawa kama uzi. Nikikohoa, Mama alichemsha kipande na tangawizi na asali. Kingine alikiweka sandukuni kati ya vitenge, wadudu wasivitoboe.

Mwambie aache mambo ya wageni. Ile ni dawa yake. Vidonge vyake vya sukari aviweke kando, vinamuumiza tumbo bure.

Mama yako,
Béata

Mushaki, tarehe 20 Machi 2022

Mama yangu mpendwa,

Jambo. Mgongo wako unaendeleaje? Hapa tumepata shida, lakini imepita, usiogope.

Koko alikutii nusu. Vidonge aliviacha, mdalasini hakuugusa. Juma lililopita alianguka katika shamba la maharagwe, majirani wakambeba mpaka kituo cha afya. Sasa yuko nyumbani. Vidonge anameza mbele yangu, kisha ninamwambia afungue kinywa. Ananiita polisi.

Nilimuuliza muganga wa pale kituoni kama mdalasini unaponya sukari. Akasema unatuliza tumbo, unapunguza kikohozi kidogo, na unaipa chai ladha tamu hata usipotia sukari, jambo linalomfaa Koko. Lakini hauchukui nafasi ya vidonge, na ukizidishwa kila siku unaweza kuumiza ini. Mama, usijilaumu. Hata mimi niliamini.

Basi nikamwomba Koko anywe kidogo tu. Akacheka: "Wewe mutoto, uko na masomo mingi! Ule mudalasini iko na mwenyewe. Béata akifika, ndiyo nitauvunja."

Uko sandukuni, kati ya vitenge. Jumapili, tukitoka misa, anafungua, ananusa, anafunga. Kisha ananiuliza kama barabara ya Walikale, ya kutoka kwako, inapitika.

Safari hii sikuombi dawa, Mama.

Astrid wako

Masisi, tarehe 23 Aprili 2022

Astrid mwanangu,

Jambo. Koko anaendeleaje? Barua yako ilichelewa kunifikia kwa sababu ya daraja lililovunjika. Niliisoma nimesimama, chai ya wateja ikafurika, moto ukazimika.

Kibanda changu cha chai nimemwachia jirani yangu Pétronille. Tangu Walikale ninasafiri kwa pikipiki, na tope limenifika mpaka kwenye nywele. Koko atafikiri ni muntu mwingine. Hapa Masisi nimekutana na Papa Magloire. Lori lake limejaa watu mpaka juu, kwa hiyo barua inatangulia, mimi ninafuata kesho.

Nikifika, Koko ameze vidonge kwanza, mbele yako. Halafu weka maziwa motoni, umfungulie sanduku. Avunje kipande kidogo tu, kama muganga alivyosema.

Na kitakachobaki kwenye sufuria, muniwekee.

Mama yako,
Béata