Blanketi Waliloliita la Ulaya

Njombe, Jumapili jioni, mwezi wa saba

Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Kanisani leo hata mchungaji alihubiri mikono ikiwa kwapani. Mimi sikusikia neno. Nilikaa benchi la nyuma na hasira zangu, na ibada ilipokwisha nikatoka nazo, nzima kabisa, hazijapungua hata punje.

Naandika kwa sababu nimejaribu kusokota na nimeshindwa. Mara tatu nimeshika kijiti changu cha kusokotea, mara tatu uzi umejikaza ukajipinda kama mkia wa nguruwe, halafu ukakatika. Sufu haipendi mkono wenye hasira. Bibi, ambaye macho yake siku hizi huona vivuli tu, alisikia kijiti kikigonga sakafu akaniambia niache, nisiharibu manyoya bure. Nimeacha. Daftari angalau halikatiki.

Nianze mwanzo, maana nisipoyapanga haya nitaishia kutukana.

Marehemu baba alichunga kondoo kwenye shamba la Mzungu mmoja. Siku za kukata manyoya, yale mazuri ya mgongoni yalifungwa marobota yakaenda zake kupanda meli. Ya tumboni na miguuni, yaliyojaa mavi na miiba, yalitupwa. Baba aliomba hayo ya kutupwa. Akaniletea gunia baada ya gunia, akanigongea misumari kwenye vibao viwili vya kuchania, na kutoka kwenye baiskeli iliyokufa akanikatia spoki mbili, akazinoa ncha kwenye jiwe. Hizo ndizo sindano zangu za kufumia mpaka leo. Kufuma nilifundishwa shuleni misheni. Kusokota nilijifundisha mwenyewe, kwa kukosea sana.

Kwa manyoya hayo nilimfumia bibi blanketi. Nililifuma vipande saba virefu, kisha nikavishona pamoja. Miaka miwili na miezi kadhaa. Nilimfunika nalo siku ya Pasaka, akalipapasa kuanzia pembe hii hadi ile, kisha akalala mpaka jua lilipochomoza, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Mdogo wangu Elia alicheka miaka yote miwili. Elia ni karani kwenye ghala la pareto, ana kalamu mfukoni na haraka zake. "Dada, miaka miwili kwa blanketi moja! Dukani ni dakika moja."

Dakika moja. Hajui huyo.

Hajui ilivyo kukaa kibarazani jua likiwa limetoka kidogo, manyoya yamekwisha kuoshwa, unayavuta kwa vidole viwili, kijiti kinazunguka chini, na uzi unatokea hapo ambapo hapakuwa na kitu. Huwezi kuuharakisha. Ukiuharakisha unakuadhibu papo hapo. Basi mwili unatulia wenyewe, pumzi inashuka, yale uliyokuwa unayawaza tangu alfajiri yanajipanga foleni, moja moja, na mengine yanachoka kusubiri yanaondoka. Nimewahi kusokota toka asubuhi hadi chungu cha maharage kikaungua, na sikujuta. Ni furaha ambayo sijaipata mahali pengine, hata kanisani, Mungu anisamehe.

Na uzi unakumbuka. Kipande cha nne cha lile blanketi ni kigumu kuliko vingine, kimekazwa kupita kiasi, kwa sababu nilikifuma mwezi ule tulipomzika baba. Katikati yake kuna mstari wa kahawia. Ni manyoya ya kondoo mmoja wa rangi hiyo, ya mwisho aliyoniletea. Sikukifumua. Nilisema bibi ndiye mama yake, atalala na huo mstari kifuani.

Sasa, mahari.

Kwetu mahari haiishii kwenye ng'ombe na majembe. Lazima liwepo blanketi la mama, la kumshukuru mama wa binti kwa mgongo aliobebea mtoto na usingizi alioupoteza. Akilipokea na kujifunika mbele za watu, basi, mmekubaliwa. Elia anamwoa Anna wa Makambako, na blanketi la mama alikuwa amekwisha kulinunua, la dukani, la kijivu lenye mistari miwili myekundu na lebo pembeni. Ukiliinua juani unaona upande wa pili.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kuchuma maua ya pareto. Niliporudi jioni, Elia na washenga wake walikuwa wameondoka nyuma yangu kwenda Makambako, na bibi alikuwa amejikunja kitandani chini ya kitu cha kijivu chenye mistari miwili myekundu.

"Lile langu limekauka?" akaniuliza. "Elia amesema unalifua."

Alimdanganya bibi yake! Mwanamke aliyemlea! Akamvua blanketi mwilini, akamwekea lile tambara la lebo, akaondoka na jasho langu kwenda kulifanya mahari. Aliporudi nikamwuliza, alinijibu kwa kifupi tu, hata kofia hajavua: "Dada, blanketi ni blanketi. Makambako ni njia panda, watu wale wanaona mambo. Ningewapelekea lile jepesi wangenidharau."

Kumbe alijua ni jepesi. Jepesi kwa mkwe, zito la kutosha kwa bibi.

Na hapa niungame, maana daftari si mahali pa kujipamba. Nilinyamaza wiki tatu. Niliogopa aibu. Nani amewahi kusikia dada wa bwana harusi akienda kudai mahari irudi? Kila bibi alipoulizia, nilimwambia halijakauka. Wiki tatu, blanketi halijakauka! Bibi hakunibishia hata siku moja, na huko kutobishia kwake kuliniuma kuliko kama angenipiga.

Kisha akaanza kukohoa. Jumatano alikohoa mpaka akashika ukuta. Jumamosi, yaani jana, nilikunja lile la kijivu nikalitia kapuni, nikapanda juu ya lori la magunia ya pareto, nikapiga chafya njia nzima mpaka Makambako.

Walinipokea vizuri mno, na hilo lilinivuruga. Salamu juu ya salamu, kamwene, kamwene, wifi yake Anna amekuja, kuku akakimbizwa uwanjani. Anna mwenyewe alikuwa ametumwa kwa ndugu. Alikuwepo mama yake, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, na shangazi yake Anna, mwenye sauti ya kututosha wote watatu. Nilikuwa nimepanga maneno ya adabu. Ningesema kulitokea makosa wakati wa kufunga mizigo, mama atusamehe, tubadilishane kimya kimya.

Shangazi hakunipa nafasi. Alianza kusifu lile blanketi kabla sijamaliza maji niliyopewa. Kwamba kanisa zima limekuja kulitazama. Kwamba wamelifungia sandukuni, halilaliwi, litatoka siku ya harusi na siku ya mazishi. Kwamba kweli wenzetu wana akili, kitu kizito namna ile, Elia amewaambia limetoka Ulaya, alipewa na Mzungu wa shamba la kondoo.

Ulaya.

Niliweka kikombe chini. Mdogo wangu hakuniibia blanketi tu. Aliona aibu kusema limetoka mikononi mwa nani. Angesema "dada yangu amelifuma", mdomo ungemuoza? Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Elia aliliona likiundwa miaka miwili mbele ya macho yake, halafu akaenda kumpa Mzungu sifa.

Adabu zangu zote ziliishia hapo. Nikasema, "Mama, hilo blanketi nimelifuma mimi."

Shangazi akacheka, kicheko cha kumchekea mtoto. Nikawaambia lileteni, ila kabla hamjalikunjua nisikilizeni: lina vipande saba, cha nne ni kigumu, na katikati yake kuna mstari wa kahawia, ni manyoya ya tumboni yaliyotupwa, niliyatoa mavi kwa vidole hivi. Mama Anna akaingia ndani. Alikawia kidogo huko. Akarudi nalo limefungwa kwenye kanga, akalikunjua mapajani, akahesabu kwa kidole. Cha nne. Akalishika pale pagumu.

Nilidhani watanipa mkono. Naandika hivyo ili nijicheke baadaye. Nilidhani watashangaa, watasema ala, kumbe mikono ya kwetu inaweza haya!

Shangazi alilishika kwa ncha za vidole. "Kumbe la hapa hapa," akasema. "La tumboni mwa kondoo. Nasi tumelitangaza kanisani!" Akalitazama kapu langu, akaona lebo. "Na hilo ni la dukani?"

Nikasema ndiyo.

"Basi si afadhali hilo. Lina lebo."

Walibadilisha palepale. Sikuomba, sikubembeleza, sikutoa hata lile neno moja la adabu nililobakiza. Blanketi lililokuwa likifungiwa sandukuni kama dhahabu asubuhi, mchana lilikuwa mzigo wa kurudishwa, na sufu ni ile ile, baridi ni ile ile. Shangazi alimtandaza Mama Anna lile la kijivu mabegani akasema limempendeza. Mama Anna akasema ahsante. Ndoa ipo palepale. Kuku nilikula, ndiyo, nilikula, maana kukataa kungekuwa ugomvi mwingine. Ilikuwa kama kutafuna kamba.

Nilipata kila nilichokifuata, na nilitoka pale nikiwa na hasira kuliko nilivyoingia.

Juu ya lori upepo ulikuwa wa kukata, nikajifunika. Ndipo nikasikia harufu. Si harufu ya sanduku. Moshi wa jikoni, na mafuta ya nyonyo, yale wanayojipaka wanawake wenye maumivu ya viungo. Nikachomoa kwenye nyuzi ganda la hindi, kisha jingine, yale ya kujazia godoro. Nikayatupa njiani, nikawa nimechoka kufikiri.

Bibi alinipokea kwa kunyoosha mikono miwili. Alilivuta mpaka kidevuni, akalinusa, akasema linanuka moshi wa kwa watu. Hapo nikamwambia kweli yote, sanduku, Ulaya, lebo, yote. Hakukasirika. Alikuwa anapapasa tu, kipande kwa kipande kama alivyofanya Pasaka, mpaka akafika upande wa miguuni, vidole vikasimama.

"Nani kashona hapa?"

Nikasogeza taa. Palikuwa na tundu dogo, la ukucha wa mguu, limezibwa kwa uzi mweusi. Limezibwa vizuri sana. Aliyelishona alifuata mafundo yangu moja moja, akapita yalikopita, kwa subira, tundu la ukubwa wa harage. Hiyo ni kazi ya saa nzima kwa mtu asiye na haraka.

"Ana mkono," bibi akasema. Kisha akalala.

Kwa hiyo halikukaa sandukuni. Shangazi alidhani limo sandukuni, kanisa lilidhani limo sandukuni, na yule mama mwembamba alikuwa akilala nalo kila siku, peke yake, anaficha. Ndiyo maana alikawia kule ndani jana. Alikuwa analitoa kitandani, analikung'uta. Alijua kabisa lipi ni zito. Akakubali kuvishwa lile la lebo mbele ya wifi yake, akasema ahsante.

Elia nimemkasirikia na nitaendelea. Amekula chakula chake leo bila kuniangalia, na kesho nitamlazimisha amwombe bibi radhi kwa magoti, karani au si karani. Shangazi nimemkasirikia. Lakini huyu mama nimemkasirikia mpaka machozi. Mbona hukusema? Neno moja tu, "niachie". Ningekuachia? Nimejiuliza swali hilo kanisani tangu wimbo wa kwanza na jibu silipati, na hapo ndipo hasira inaponigeukia mwenyewe, maana niliondoka pale kichwa juu, kama mshindi, hata sikumtazama usoni.

Chini ya kitanda kuna gunia moja la baba lililobaki, bado lina miiba yake. Kesho nitaanza kuyachambua. Vidole vikitulia nitasokota, visipotulia nitangoja, sitampelekea yule mama uzi wa hasira. Blanketi likiisha nitapanda lori nalo mwenyewe, nimfunike mbele ya shangazi, niseme kwa sauti kwamba limetoka Njombe, tumboni mwa kondoo, mikononi mwangu.

Itachukua miaka miwili. Baridi ya mwaka huu haijafika hata nusu.

Bibi amelala vizuri, hakohoi. Na yule mama wa Makambako, najua amejifunika nini leo. Nilimpelekea mwenyewe, kwenye kapu.