Harudii Darasa Mtoto Wangu

Saluni kwangu,
Jumanne, wateja hakuna.

Harudii darasa! Salamu zitafuata, wifi, maana hili likikaa moyoni dakika moja zaidi nitapasuka. Chiriku wangu anaingia la tano kifua mbele!

Mpendwa wifi yangu,

Haya, sasa hujambo? Goti limepoa? Sisi wazima, ila kaka yako anakohoa na dawa hataki, si unamjua.

Uliniambia kwenye simu kuwa kurudia darasa si kufa. Kweli si kufa, lakini kwa kosa gani? Mwalimu wake wa Kiingereza aliwapa majina ya vyombo vya jikoni wayakariri. Mtoto akaanguka. Upawa hajui, chujio hajui. Lakini muulize hatamu, kwato, tandiko la farasi, anakujibu kabla hujafunga mdomo. Na farasi hajamwona hata mkia! Ni yule mkutubi ninayemsuka, alimletea vitabu vya hadithi vilivyochakaa, vyote vya farasi.

Anasomea hapa hapa saluni. Mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji, na wateja wangu vivyo hivyo, kwa hiyo sheria yetu ni moja: soma kwa sauti, halafu tusimulie kwa Kiswahili. Neno asilolijua analiruka. Likimtokea tena mbele, na tena, wanazoeana kama majirani wapya. Ningemsimamisha kila neno, hadithi ingekufa na wateja wangenipiga na vitana.

Mwalimu akasema huko ni kubahatisha, si kusoma. Kwa hiyo, akasema, atarudia la nne.

Wifi, nilifunga saluni! Nikaenda na aproni yangu ya mafuta ya nywele mpaka kwa mwalimu mkuu. Nikamwambia, "Mpe hadithi asiyowahi kuiona. Akishindwa mrudisheni, sifungui mdomo tena."

Akachagua hadithi ya mwoka mikate. Chiriku akasoma, akakwama, akaruka, akasonga mbele. Kisha akaisimulia yote, na lile neno lililomkwamisha akalipatia maana mwenyewe: "Ni hamira, mwalimu. Kila akiisahau, mkate unagoma kuumuka."

Mwalimu wa Kiingereza, aliyeitwa ashuhudie, akadakia, "Na upawa je?"

"Naomba hadithi yenye upawa, mwalimu."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Papo hapo akasema anapanda.

Yule wa Kiingereza bado kanuna, eti ni bahati. Sawa! Siku ya kufunga shule Chiriku atasoma mbele ya wazazi wote, na hadithi achague yeye mwalimu. Mimi nitakaa mbele kabisa, na wewe ubavuni kwangu, umsikie kwa masikio yako.

Nisalimie mama mkwe, mwambie mjukuu wake anamtoa kimasomaso. Nisalimie na shemeji fundi bomba. Mungu awalinde njiani, awape na usikivu.

Ni mimi wifi yako akupendaye hata ukikosea, ninayewangoja nyote shuleni, udhuru sitaki, Ijumaa tarehe kumi na mbili, saa tatu asubuhi.